Makaa yakikatazwa tupikie nini?

SWALI: Mhariri habari ya kazi. Mimi napika chapati hapa Busia, na tangu Rais Museveni apige marufuku makaa ya biashara kule kaskazini mwa Uganda, hapa stendi watu hawaishi kubishana, mmoja anasema Wazungu ndo wanatulazimisha na wao kwao wanachoma makaa ya mawe mpaka leo, mwingine anasema Hoima tunachimba mafuta alafu eti sigiri yangu ya makaa ndo inaharibu hewa. Nani mkweli? – Mpika chapati, Busia

JIBU: Dada yangu, huyo wa Wazungu mwambie apunguze sauti kidogo. London Desemba 1952 moshi wa makaa ya mawe uligandana na ukungu siku kama tano hivi, wakafa watu maelfu, ndo bunge lao likatunga sheria ya hewa safi 1956. Dublin walikataza kuuza makaa ya mawe yenye moshi 1990. Na England makaa ya mawe ya kawaida ya nyumbani mwisho wa kuuzwa ulikuwa Mei 2023, mwezi uleule Museveni aliotia sahihi amri yake! Kwa hiyo na wao wamekatazwa, na kelele walipiga.

Ila cheki tofauti. Ile sheria ya 1956, kwenye mitaa iliyokatazwa moshi, mwenye nyumba alirudishiwa sehemu saba kwa kumi ya gharama ya kubadilisha jiko. Sisi? Amri imeshika mchomaji na lori, mpikaji kaachwa ajitegemee. Na tusiwasingizie Wazungu hapo, viongozi wa Acholi wenyewe, kulekule kaskazini, walikuwa wanalia miti ya moo yaa, yaani shea, inakatwa na kupakiwa kwenda Kampala, na mti ule haukui leo na kesho.

Watakwambia pikia umeme, bwawa la umeme la Karuma lipo, megawati 600. Sawa, na bei nafuu ya kupikia iliwekwa kweli, ilipoanza ilikuwa shilingi 412 kwa uniti, lakini soma vizuri: ni kuanzia uniti ya 81 mpaka 150 kwa mwezi! Sasa mtu wa muzigo, chumba kimoja cha kupanga, anayewasha taa mbili na kuchaji simu atafika lini huko, labda apikie kwanza kwa bei ghali ndo apate ya rahisi. Mimi hapo ndo naona kichekesho. Wangeianzisha chini huko kwenye uniti za kwanza, na jiko lenyewe watu walipe kidogo kidogo, hata huyo wa stendi angenyamaza.

Hoima: hayo mafuta yamepangiwa bomba la kilomita 1,443 mpaka Tanga, yauzwe nje. Mwenzako ana haki ya kuuliza, ila bomba halirudishi miti. Wewe kwa sasa jaribu briketi, yale makaa ya kubana kwa mabaki, chapati inataka moto wa kutulia na briketi inao.

SWALI: Mvua ikinyesha naingiza sigiri chumbani nipate joto, moshi haupo kabisa. Kuna ubaya? – Kijana, Bwaise

JIBU: Upo, tena mkubwa. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndo yanatoa ile gesi isiyo na harufu, kaboni monoksidi, unalala na huamki. Sigiri itoe nje leo hii, jifunike blanketi.