Jibu: Viti vya hotirodi ya Ford 1932, ngozi au leza?

Mkuu, kwa hotirodi yako (gari la zamani lililofanyiwa marekebisho liende kasi), umeuliza utumie ngozi halisi au leza, yaani ngozi bandia ya plastiki, na kwa nini kiti chako cha majaribio kimetoka chembamba kuliko ulivyopima.

Kama unatafuta sura ya California ya miaka ya 1950 na 1960, chukua leza. Vijana wengi wa kule walivuka mpaka hadi Tijuana, Mexico, kushonewa viti vya mistari kwa bei nafuu, na leza ndiyo ilitamba. Enzi hizo kila mstari ulijazwa pamba. Wapo walioapa kuwa walijaziwa takataka yoyote iliyokuwa karibu. Siku hizi tunashona leza juu ya sponji ya nusu inchi yenye kitambaa nyuma.

Kuhusu kiti kutoka chembamba, ulikosea hapa: umekata kwanza, ukashona mistari baadaye. Kila mshono unameza leza kidogo, sasa zidisha kwa mistari ishirini! Shona kipande kikiwa kikubwa, kisha weka patani (kiolezo cha umbo la kiti) juu yake ndipo ukate. Mimi niliharibu mita tatu kabla ya kuelewa hilo.

Uzi uwe wa poliesta, maana nailoni haivumilii jua vizuri.

Na kwa kuwa umesema paa lako limekatwa na kushushwa, kalia sponji tupu ndani ya gari kabla ya kushona chochote. Funga mlango, shika usukani, tazama mbele. Inchi mbili zikizidi, kichwa kinagonga dari.