Madoa meusi kwenye rimu za aloi

Mkuu, hayo madoa meusi yasiyotoka kirahisi kwenye rimu ni vumbi la breki: chembe za chuma zinazoruka zikiwa za moto na kung'ang'ania rangi. Waya wa kusugulia sufuria achana nao kabisa. Na ile asidi wanayomwagia kwenye baadhi ya sehemu za kuoshea magari, ikatae waziwazi. Inakula koti ya juu inayong'aa, kisha aloi inaota ukungu mweupe usiosuguliwa ukatoka.

Subiri rimu ipoe mpaka uweze kuishika. Mwagia maji mengi mchanga utoke, halafu shampuu ya gari na brashi laini, gurudumu moja moja, ukipitisha hadi nyuma ya spoku na kwenye matundu ya nati. Brashi hiyo usiipitishe kwenye bodi, itaikwaruza.

Tairi lisugue kwa brashi ngumu mpaka povu litoke jeupe badala ya kahawia. Usilipake dizeli wala oili chafu ili ling'ae, vinaharibu mpira. Nunua dawa ya tairi ya maji, upake ubavuni tu. Sehemu inayokanyaga barabara isiguswe, itateleza.