Sura tunazijua, majina hatuyajui: maswali yenu kuhusu waigizaji wa nafasi ndogo

Natazama sana filamu za Hollywood za miaka ya 1930 na 1940. Kuna mama mrefu, maridadi, namwona filamu hii na ile, lakini jina lake haliandikwi popote. Ni nani?

Kwa maelezo hayo tunamkisia Bess Flowers. Alianza mwaka 1923 akaendelea hadi 1964, na filamu alizopitia ni mamia. Tano kati ya hizo zilipata Oscar ya filamu bora, zikiwemo It Happened One Night (1934) na All About Eve (1950). Mtafute kwenye karamu, kwenye viti vya ukumbi wa maonyesho, au akipita nyuma ya mhusika mkuu. Mtaji wake ulikuwa kabati la nguo. Studio zilimlipa zaidi mwigizaji wa ziada (wa kujaza mandhari, asiye na maneno) aliyekuja na mavazi yake ya jioni, na gauni likichakaa au likipitwa na mtindo, hasara ilikuwa yake.

Jina halionekani kwa sababu zama zile majina yaliwekwa mwanzoni mwa filamu, kwenye kadi chache tu za maandishi. Orodha ndefu ya mwishoni ilikuja kuzoeleka miaka ya 1970. Ukitaka kuwatambua wengine, usiziamini mno orodha za intaneti, maana nafasi zisizoandikwa majina mara nyingi hujazwa na watazamaji kwa kukisia sura. Simamisha picha, kisha ilinganishe na filamu ya mwaka uleule ambayo jina la mtu huyo limeandikwa. Angalia umbo la sikio na mstari wa nywele, usiangalie mtindo wa nywele. Picha iliyopishana na hiyo kwa miaka 10 itakupoteza.

Ni kweli Michael Keaton si jina lake la kuzaliwa?

Kweli. Alizaliwa Michael Douglas, na chama cha waigizaji cha Marekani hakitaki wanachama wawili wafanye kazi kwa jina moja. Michael J. Fox naye alimkuta Michael Fox mwingine kwenye daftari. Hiyo J ni ya kuongeza tu: jina lake la kati ni Andrew.

Filamu za kale zikirudiwa runingani, wale waliosema maneno mawili matatu hulipwa chochote?

Inategemea mwaka. Waigizaji wa Marekani waligoma mwaka 1960, na makubaliano yakawa kwamba filamu zilizotengenezwa kuanzia mwaka huo zilipiwe zikioneshwa runingani. Za nyuma zilisamehewa: studio zilitoa dola milioni 2.25 kwa mkupuo, zikaanzisha mfuko wa pensheni na matibabu. Ndiyo maana mtu aliyecheza filamu 60 za miaka ya 1940 hakuona hata senti zilipokuwa zikirudiwa kila wiki. Vipindi vya runinga vilikuwa na utaratibu wake, na hadi mkataba wa 1974 malipo ya marudio yalikuwa na ukomo. Wa ziada, asiye na maneno, hulipwa siku yake ya kazi na yameisha.

Katika Out of Africa (1985) kuna Job Seda. Alipotelea wapi baada ya hapo? (Msomaji, Kisumu)

Hakupotea, mmemsikia sana. Job Seda, aliyecheza kama Kanuthia, mtumishi wa mwindaji Denys Finch Hatton, ndiye Ayub Ogada, mpiga nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo. Albamu yake En Mana Kuoyo ilitoka mwaka 1993 chini ya kampuni ya muziki ya Real World, na wimbo wake Kothbiro umo ndani ya filamu ya The Constant Gardener (2005). Alifariki mwaka 2019. Ukifuatilia waigizaji wa Kenya wa filamu hizo za wageni, tafuta kila jina walilowahi kutumia, na usiishie kwenye filamu, kwani wengi walikuwa na kazi nyingine kabla kamera hazijafika.

Mwigizaji wa akiba jukwaani hufanya nini usiku ambao hakuna mgonjwa?

Anasubiri, akiwa tayari. Anajua maneno yote, nani anasimama wapi na anatokea upande gani, na mavazi yanayomtosha yapo. Shirley MacLaine alipanda jukwaani hivyo New York mwaka 1954, Carol Haney alipoumia kifundo cha mguu kwenye mchezo wa muziki wa The Pajama Game. Watu hupenda kutaja mfano huo kwa sababu ni nadra.

Nimecheza sini mbili kwenye tamthilia, jina langu likatoka limekosewa. Nifanyeje? (Msomaji, Dar es Salaam)

Andika leo kwa mtayarishaji, siyo kwa mwongozaji. Taja jina la tamthilia, namba ya kipindi, dakika jina linapoonekana, lilivyoandikwa na linavyotakiwa kuandikwa. Kipindi kilichokwisha rushwa ni vigumu kurekebishwa, maana mhariri atalazimika kutoa faili upya na kuipeleka tena kituoni. Vipindi vijavyo hubadilishwa kirahisi, kwa kuwa kadi ya majina hunakiliwa kutoka kipindi hadi kipindi, na kosa nalo hunakiliwa pamoja nayo. Kazi ijayo, jina liandikwe kwenye mkataba kwa herufi kubwa, lilelile unalolitumia kila mahali, na utumiwe picha ya kadi kabla faili haijatoka kwa mhariri.