Mbuzi wana minyoo, nitumie mwarobaini?

SWALI: Mambo dokta, mbuzi wangu wanaharisha na wamekonda, jirani ananiambia niwanyweshe mwarobaini niachane na dawa za dukani, inasaidia kweli?

JIBU: Poa ndugu. Kwanza funua kope ya chini, ukikuta nyeupe badala ya nyekundu, au kuna uvimbe laini chini ya taya, huyo huenda ananyonywa damu na minyoo, usihangaike na majani, mpe dawa ya vet kulingana na uzito wake leo leo. Mwarobaini kipimo chake ni cha kubahatisha tu, na mwenye mimba usimguse nao. Majani ya mgunga sawa, wacha wale wenyewe, yana tanini (kemikali ya mmea yenye ukakasi) inayopunguza mayai ya minyoo, ila aliyezidiwa hayamponyi. Halafu kuharisha sio lazima iwe minyoo bwana, peleka kinyesi kikapimwe.