Jibu: Mtoto amezibwa jino bila mashine, nimetapeliwa?

Habari dada, pole kwa hofu. Unasema binti yako wa miaka 7 amekwanguliwa jino kwa kijiko cha mkono, likazibwa bila mashine wala sindano, na sasa unaona wamelipua kazi.

Hapana. Ni njia halali, tena ilianzia hapahapa Tanzania miaka ya 1980, na WHO wakaipigia debe mwaka 1994. Uozo laini unakwanguliwa, tundu linazibwa kwa glasi ayonoma, saruji inayoshika jino yenyewe na kutoa floraidi kidogo kidogo.

Mimi ni tabibu wa meno, nimeziba mengi hivyo. Kwanza ulizia: tundu lilikuwa juu tu, pale pa kutafunia, au lilikula mpaka katikati ya meno mawili? La juu hudumu vizuri. La pembeni hunyofoka mapema, hilo hata mimi hulifanya kwa mashaka. Kisha mwambie aume polepole. Akisema linatangulia kugusa, mrudishe lipunguzwe, ni kazi ya dakika chache. Ila akiamka usiku analia na jino halijaguswa, usisubiri, huenda uozo umefika kwenye kiini.

Zaidi ya hapo siwezi kusema bila kuliona. Picha uliyoweka ina giza mno.