Maswali ya Wasomaji: Neno “Treacle”, Kutoka Nyama ya Nyoka Hadi Shira ya Sukari

SWALI: Ndugu Mhariri, ninazo kamusi mbili za Kiingereza, moja ya zamani na nyingine ya miaka ya karibuni. Hii ya karibuni inaeleza kwamba “treacle” ni shira nzito, nyeusi, inayopatikana sukari inaposafishwa. Ile ya zamani inaanza kwa kusema kwamba ni dawa ya kuondoa sumu ya nyoka, na baada ya hapo ndipo inapoitaja shira. Je, haya ni maneno mawili yaliyofanana kwa tahajia tu, au ni neno moja? Na ikiwa ni moja, nyoka na sukari vilikutana wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, neno ni moja, na kamusi yako ya zamani imezipanga maana zake kwa utaratibu ule ule zilivyozaliwa. Asili yake ni Kigiriki cha kale, ambamo “therion” lilikuwa mnyama wa mwitu. Kutokana nalo kilipatikana kivumishi “theriake”, kilichotumiwa kwa mambo yanayohusu wanyama wakali, hasa wale wanaouma na kutia sumu, na dawa ya kuponya majeraha yao ikaitwa hivyo hivyo. Katika karne ya 2 kabla ya Kristo, Nikandro wa Kolofoni alitunga utenzi mzima juu ya viumbe wenye sumu na tiba zake, akaupa jina la “Theriaka”. Warumi walilichukua neno wakasema “theriaca”. Wafaransa wa kale wakalikatakata likawa “triacle”. Na Waingereza wakalipokea kutoka kwa Wafaransa kufikia karne ya 14. Mshairi Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, alimtaja Kristo kuwa ni “triacle” ya kila dhara, na hakukusudia hata kidogo kusema habari za utamu.

Dawa yenyewe inastahili kuelezwa, kwa sababu bila kujua ilivyotengenezwa hatuwezi kuelewa jinsi jina lake lilivyohamia kwenye sukari. Habari zake huanzia kwa Mithridates wa Sita, mfalme wa Ponto katika pwani ya kusini ya Bahari Nyeusi, aliyekufa mwaka 63 kabla ya Kristo. Mfalme huyu aliogopa kuuawa kwa sumu kiasi kwamba, kama wanavyosimulia waandishi wa kale, alikuwa akinywa sumu kidogo kidogo ili mwili uizoee, na akabuni mchanganyiko wa kujikinga ambao ulikuja kuitwa kwa jina lake. Waandishi hao hao wanaongeza kwamba, aliposhindwa na Warumi na kutaka kujiua kwa sumu, sumu ilikataa kumdhuru, ikabidi amwombe askari wake amchome upanga. Sisemi kwamba kisa hicho ni cha kuaminiwa neno kwa neno, lakini ndicho kilichoitangaza dawa hiyo huko Roma.

Baadaye Andromako wa Krete, tabibu wa Kaisari Nero aliyetawala kuanzia mwaka 54 hadi 68, aliiongezea dawa hiyo viungo hadi vikafika 64, na akaiandika kwa mashairi. Mashairi hayo tunayo hadi leo kwa sababu Galeni, tabibu mashuhuri wa karne ya 2, aliyanakili katika vitabu vyake. Na Galeni huyo ndiye aliyekuwa akimtayarishia Kaisari Marcus Aurelius kipimo chake cha “theriaca”. Miongoni mwa viungo hivyo mlikuwa na mdalasini, manemane, afyuni na, juu ya vyote, nyama ya nyoka wa jamii ya kifutu. Hoja iliyomwingiza nyoka ndani ya chungu ilikuwa kwamba kifutu hafi kwa sumu yake mwenyewe, na kwa hiyo lazima mwilini mwake muwe na kitu kinachoizuia. Hoja hiyo ina mpangilio mzuri ingawa haina ukweli. Kwa maoni yangu, kama kulikuwa na mgonjwa yeyote aliyepata nafuu, basi aipe shukrani afyuni, ambayo kweli hutuliza maumivu na kikohozi na kufunga tumbo la kuhara.

Hapa sasa ndipo inapoingia shira. Unga wa viungo vyote hivyo ulikandwa kwa asali hadi ukawa kama lahamu nene, nyeusi, yenye kunata, kisha ukaachwa ukomae kwa miaka kadhaa. Katika Zama za Kati na baada yake mji wa Venice ulipata sifa kuliko miji yote kwa kuitengeneza dawa hiyo, kwa sababu meli zake ndizo zilizoleta viungo kutoka mashariki. Na ili kuzuia udanganyifu wauza dawa walitakiwa kuonyesha viungo hadharani na kuvichanganya mbele ya wakaguzi wa serikali, jambo ambalo liligeuka kuwa tamasha la mji. Waingereza waliinunua wakaiita “treacle” ya Venice. Wasioweza kuinunua waliambiwa wale vitunguu saumu, ambavyo hadi leo vina jina la utani la “treacle” ya maskini, jina ambalo mizizi yake inafika kwa Galeni mwenyewe.

Kadiri sukari ya miwa ilivyozidi kufika Ulaya, wauza dawa walianza kutumia shira yake mahali pa asali. Viwanda vya kusafishia sukari vilibakiwa na shira nyingi nyeusi isiyokubali kuganda, na kwa kuwa ilifanana kwa rangi na uzito na ile dawa iliyokuwa makoponi, kufikia mwisho wa karne ya 17 watu walikwisha kuiita “treacle” hata kama ndani yake hamna hata ukucha wa dawa. Kwa muda maana mbili ziliishi pamoja. Kisha tabibu William Heberden wa Uingereza akachapisha mwaka 1745 kijitabu cha kuikosoa “theriaca”, akisema kwamba ni rundo la viungo lisilo na msingi wowote wa kitabibu, na dawa ikaanza kutoweka katika vitabu vya wafamasia wa nchi hiyo. Jina halikutoweka, kwa kuwa lilikwisha kupata mahali pengine pa kukaa.

Jambo ninalolipenda zaidi katika historia hii haliko katika Kiingereza peke yake. Waarabu walilipokea neno lile lile la Kigiriki wakasema “tiryaq”, nao wameibakiza maana ya kwanza, yaani kiondoa sumu. Waajemi wana “taryak”, na kwao maana iliyoshika ni afyuni. Waturuki wana “tiryaki”, ambaye ni mtu aliyetekwa na kileo au mazoea, hata yakiwa ya kahawa au tumbaku. Dawa moja yenye viungo 64 imegawanywa kama urithi: Waajemi wamechukua afyuni, Waturuki wamemchukua mtu aliyeizoea afyuni, na Waingereza wameondoka na shira.

SWALI: Katika Biblia yangu Yeremia anauliza kama hakuna zeri katika Gileadi. Mwenzangu mmoja anashikilia kwamba ipo Biblia ya Kiingereza ambamo nabii anauliza habari za “treacle”. Sikumwamini. Je, ni mzaha?

JIBU: Si mzaha, na mwenzako anadai haki yake. Katika Biblia ya Maaskofu, iliyotolewa Uingereza mwaka 1568, Yeremia 8:22 inauliza kama hakuna “tryacle” katika Gileadi, na kabla yake tafsiri ya Coverdale ya mwaka 1535 ilikuwa imelitumia neno hilo hilo. Watafsiri hao hawakukosea. Nabii anaulizia dawa ya kuponya jeraha la watu wake, na katika Kiingereza cha siku zile hilo ndilo lililokuwa jina la dawa iliyoheshimiwa kuliko zote. Tafsiri ya Mfalme James ya mwaka 1611 iliweka neno lenye maana ya zeri, na ndilo lililozoeleka. Wakusanyaji wa vitabu vya kale wameipa ile ya Maaskofu jina la Biblia ya “Treacle”, na ni wasomaji wa baadaye, waliokwisha kuijua shira, ndio walioanza kuucheka mstari huo.

SWALI: Mwanangu anasoma hadithi ya Alice katika Nchi ya Ajabu, na ameniuliza kisima cha “treacle” ni kitu gani. Nilimjibu kwamba ni upuuzi wa kuchekesha watoto. Je, nilimjibu sawasawa?

JIBU: Ulimjibu nusu. Katika karamu ya chai, panya mwenye usingizi anasimulia habari za dada watatu walioishi chini ya kisima na kula “treacle”, na Alice anakataa kwamba hakuna kisima cha namna hiyo. Mtoto anayejua maana ya shira tu atacheka, na mwandishi alikusudia acheke. Lakini Lewis Carroll, ambaye jina lake halisi ni Charles Dodgson, alikuwa mwalimu wa hisabati katika chuo cha Christ Church mjini Oxford, na karibu na mji huo, katika kijiji cha Binsey, kipo kisima kando ya kanisa la Mtakatifu Margaret ambacho tangu zamani kimeitwa kisima cha “treacle”, kwa maana ya kisima cha dawa. Mapokeo yanasema kwamba mwana wa mfalme aliyekuwa akimfuatia Mtakatifu Frideswide kwa nguvu alipofuka macho, mtakatifu akaomba, chemchemi ikabubujika, na maji yake yakamponya. Wagonjwa walikwenda kuhiji hapo kwa karne nyingi.

Mabinti wa mkuu wa chuo, ambao Dodgson aliwasimulia hadithi hiyo kwa mara ya kwanza mwaka 1862, walikuwa wakazi wa Oxford, na wale dada watatu wa kisimani wamepewa majina yanayowaficha wao wenyewe: Lacie, kwa mfano, ni herufi za Alice zilizopangwa upya. Kwa hiyo alipokana kuwapo kwa kisima hicho, Alice wa hadithini alikuwa akikana kitu kilichokuwa jirani na nyumbani kwa Alice wa kweli.

SWALI: Je, herufi za mwanzo za “treacle” zina uhusiano na tatu, kama katika pembetatu ya Kiingereza? Au neno limetokana na “trickle”, yaani kuchuruzika, kwa kuwa shira huchuruzika?

JIBU: Hapana kwa yote mawili. Sauti ya mwanzo ni mabaki ya “theria-” baada ya Wafaransa kuimeza irabu moja, na “trickle” ni neno la Kiingereza lenyewe ambalo halikupita Ugiriki wala Roma.

SWALI: Nimesikia katika mchezo wa televisheni muuzaji mmoja wa London akimwita mteja wake wa kike “treacle”. Je, anamwita mtamu, au anamtukana?

JIBU: Anamwita kwa upole, ingawa njia aliyopita ni ya kuzunguka. Wakazi wa mashariki ya London wana mtindo wa kuficha neno kwa kutaja kifungu kinachofanana nalo kwa kina, halafu wakaacha ile sehemu yenye kina. Mpenzi kwa Kiingereza ni “sweetheart”. Kinacholingana nalo kwa sauti ni “treacle tart”, aina ya andazi. Sehemu ya mwisho ikikatwa, inabaki “treacle”. Andazi lenyewe, kwa njia, kwa kawaida halipikwi kwa shira nyeusi bali kwa ile ya rangi ya dhahabu iliyoenezwa na Abram Lyle katika miaka ya 1880, ambayo kopo lake lina picha ya mzoga wa simba na nyuki kutoka kitendawili cha Samsoni. Ni sadfa tu kwamba neno lililoanzia kwa mnyama wa mwitu limejikuta tena karibu na mnyama wa mwitu.

Uangalie hata hivyo usichanganye upole huo na kivumishi “treacly”. Mchambuzi wa muziki au wa filamu akilitumia neno hilo, hasifu: anamaanisha kwamba kazi hiyo imejazwa mahaba na machozi ya kulazimisha hadi msikilizaji anakinai.