Goma: piga mtaimbo kwanza, ndipo ununue miche

Mama uliyeuliza upande nini kwenye parseli (kiwanja) yako ya Keshero, hapa Goma, pole na kazi ya kujenga. Umesema una sehemu tatu: mbele kando ya barabara penye jua na vumbi, nyuma ukutani ambako jua halifiki, na kule chini kwenye bonde dogo unakotaka kuweka gazoni (nyasi za bustani) na viti ili watoto wachezee. Wenzangu wamekutajia maua mengi mazuri. Mimi naomba tuanze na udongo, maana hapa kwetu ndio unaoua miche.

Chukua mtaimbo, upige kila baada ya hatua mbili, parseli nzima. Andika mahali unapozama na mahali unapogonga makoro, yale mawe ya volkano. Halafu sikiliza mlio. Kuna makoro yaliyovunjikavunjika, mtaimbo unapita katikati yake. Hapo maji ya mvua yanashuka mara moja na mti utaona kiu ikifika Juni, lakini mizizi ina njia. Na kuna bamba zima lisilo na ufa. Hilo ndilo baya. Nilipanda mivokado mitatu juu ya bamba kama hilo mwaka 2015, bila kujua. Aliyeniuzia aliniapia kwamba inaota popote. Aprili majani yakawa ya njano, nikadhani ni njaa, nikaongeza fumbire (mbolea). Julai ikakauka yote. Nilipoing'oa nilikuta sentimita 30 tu za udongo, mizizi imejizungusha juu ya jiwe, nusu yake imeoza. Wakati wa mvua maji yalituama juu ya bamba, kiangazi kilipoingia hakukuwa na akiba chini. Niliilea miezi tisa ile miti, iliniuma sana.

Tazama makoro ya volkano ya Nyiragongo yaliyoshuka mjini tarehe 17 Januari 2002 hadi ziwani. Kwanza yaliota ule utando wa kijivu, halafu kangaga ndani ya nyufa. Mmea unafuata ufa. Kwa hiyo mti mkubwa uweke pale tu mtaimbo ulipozama, au pale ambapo vijana wanaweza kuvunja jiwe kwa nyundo mpaka wapate ufa. Pengine pote, jenga vitalu vya kuinuka kwa makoro yaleyale, urefu wa sentimita 40 au 50, ujaze udongo. Udongo wa kununua unaoletwa na chukudu (ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo) uufungue fuko kabla ya kulipa: mara nyingi ni mweusi juu, chini ni kifusi cha ujenzi.

Mbele, kwenye jua, bugenvilia. Inapenda kubanwa mizizi, na ukiimwagilia sana inatoa majani badala ya maua, basi udongo haba haiogopi. Iweke mbali na mlango kwa sababu ya miiba. Chini yake panda shubiri. Zinavumilia joto la mawe saa sita mchana. Kuna aliyekushauri uzio wa miyenzi (minyaa). Kwa nyumba yenye watoto sikubali: utomvu wake ukiingia jichoni ni hatari kubwa. Loriye-rozi (oleanda) nayo ina maua mazuri, ila ni sumu kuanzia jani mpaka mzizi. Fikusi ndiyo usikaribishe kabisa karibu na fosi (shimo la choo) au tangi la maji, mizizi yake itafuata unyevu mpaka ipasue ukuta.

Nyuma, kivulini, ndiko ninakokuonea wivu. Ubaridi wetu huu unaifaa sana hortansia (hydrangea), bora apate kitalu kirefu, fumbire iliyooza vizuri na maji kiangazi chote. Ukitaka maua ya buluu, mpande mbali kidogo na ukuta, kwa sababu chokaa ya simenti ikiingia kwenye udongo maua yanageuka ya waridi. Mimi nina miwili iliyotokana na shina moja: wa ukutani ni wa waridi, wa upande wa pili ni wa buluu. Jirani wanadhani ni mbegu tofauti. Kangaga watajaza nafasi iliyobaki bila kukusumbua.

Sasa lile bonde. Mama, hapo usiweke viti, wala gazoni ya watoto. Upande huo wa mji una mazuku, yaani hewa ya kaboni dioksidi inayoua. Ile hewa haina harufu wala rangi, ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inatoka ardhini na kulala mahali palipoinama, hasa usiku na alfajiri kabla upepo haujaanza. Mtoto ana kimo kifupi, na anayekaa chini anaivuta kabla ya aliyesimama. Ukiwahi kukuta humo mijusi au ndege waliokufa, usishuke kuwachukua. Ila usipoona kitu, usiseme basi pako salama. Nenda OVG, kile kituo cha Goma kinachochunguza volkano, waombe waje wapime. Na tafadhali usizungushie bonde ua mnene ili kulipendezesha. Upepo ndio unaolisafisha. Gazoni iweke sehemu ya juu kabisa ya parseli, hata ikiwa ndogo kama barza.

Usipande sasa hivi mwezi wa tano, mvua zinaisha. Tumia kiangazi kuvunja mawe na kuozesha fumbire, miche iingie Septemba mvua zikirudi. Ukishapiga mtaimbo andika hapa vipimo, tupange mti upi uende wapi. Vikonyo vya hortansia nimeshavitia kwenye vifuko, vingine tayari vina mizizi. Sita nimekuwekea wewe.